Malkia wa Mwaka 1307

Jumatatu, tarehe 5 Agosti 2024

Mungu ameniona. Amechelewa kidogo, lakini ameniona.

Leo asubuhi nimegundua sarafu ya kale katika shamba letu la mihogo. Kwa usahihi zaidi, jembe la Mwaija ndilo lililoigundua. Mimi nilikuwa dukani, nikisahihisha kwa kalamu nyekundu tangazo la ofisi ya kata: "Mkutano wa kuchagua jina la shule mpya ya sekondari itafanyika Jumamosi." Itafanyika! Mkutano! Nimeandika "u" kubwa juu yake na kutia sahihi.

Niliporudi, Mwaija aliniwekea kitu mezani, kando ya kikombe cha chai, akasema ameokota kifungo. Mke wangu ni mwanamke mwema ila hana jicho la historia. Kifungo gani chenye maandishi pande zote mbili?

Maelezo ya kitaalamu. Umbo: duara. Madini: shaba. Upana: kama kizibo cha soda. Upande wa kwanza: ndege aliyetandaza mabawa, na maandishi ya pembeni yaliyofutika yote. Mwaija anasema ni kuku aliyenyonyolewa. Upande wa pili: shada la majani, na ndani yake maandishi ya Kiarabu yaliyoliwa na kutu. Chini yake tarakimu, na tarakimu za Kiarabu nazijua tangu madrasa. Moja, tatu, saba. Mwaka 137.

Mwaija akauliza, huku akimenya mihogo, kama mwaka 137 Mtume alikuwa amekwisha kuzaliwa. Nikamwomba asiingilie utafiti.

Niandike wazi jinsi jambo hili lilivyo zito. Nimefundisha Kiswahili katika kata hii ya Mazingara miaka thelathini na sita. Nusu ya watu wanaonisalimia njiani niliwafundisha ngeli, na bado wanasema "vitu zile". Hakuna kitu chenye jina langu. Hata bomba. Sasa shule imejengwa, na Awadhi, mwanafunzi wangu wa zamani, anataka iitwe Muhsin, jina la marehemu baba yake, eti kwa kuwa alileta mashine ya kwanza ya kusaga. Mashine ile ilikata mkanda kila wiki. Mimi nataka iitwe Mdoe. Si kwa ajili yangu. Kwa ajili ya ukoo.

Mpaka leo asubuhi sikuwa na hoja. Sasa ninayo, nayo ni ya shaba.

Jumanne, tarehe 6 Agosti

Nimeisugua sarafu kwa jivu na ndimu. Nukta niliyodhani ni uchafu haikutoka. Kumbe si uchafu, ni sifuri ya Kiarabu. Mwaka si 137 bali 1307. Nimepoteza miaka elfu moja mia moja na sabini kwa ndimu moja. Nimekubali. Msomi hukubali.

Hata hivyo, miaka mia saba si haba.

Mchana nimeshughulikia maandishi. Niliacha madrasa mapema ili niende shule, kwa hiyo ninasoma polepole, lakini polepole ndiko kusoma. Neno la kwanza: shini, rei, kisha kutu, kisha ile herufi ya mwisho yenye nukta mbili inayofunga majina ya kike. Sh, r, kutu, a. Nimejaribu maneno yote ninayoyajua. Moja tu limekaa: Sharifa.

Malkia!

Neno la pili: alifu, lamu, mimu. Kisha kutu. Yaani "al-M" na mengine. Nimeuliza kwa sauti, ni ukoo gani wa hapa ambao jina lake huanza kwa mimu na shamba lake ndilo lilikotoka sarafu? Mwaija akajibu kutoka jikoni kwamba Muhsin huanza kwa mimu. Akaongeza kuwa hata Mwaija huanza kwa mimu, tena shamba ni la kwake, alirithi kwa mama yake. Kuna nyakati ambapo ndoa huhitaji ukimya.

Al-Mdoe. Sharifa al-Mdoe. Malkia wa Mazingara, mwaka 1307.

Binti yetu Hafsa, muuguzi wa Tanga, nimemtumia picha kwa simu. Amejibu kuwa ameipitisha kwenye programu inayotambua vitu, nayo imesema ni biskuti. Akauliza kama nakunywa dawa za presha. Watoto wa siku hizi husema mambo mawili katika sentensi moja bila kuweka mkato.

Jambo moja la kuzingatia: Awadhi asiione. Alihitimu madrasa, husoma maulidi kila mwaka, na ana mimu katika familia.

Jumatano, tarehe 7 Agosti

Hatari imekuja yenyewe mlangoni. Saa tatu nilikuwa nikiitazama sarafu kwa lenzi ya tochi mbovu, nikasikia hodi. Awadhi. Sikuwa na mfuko. Nikaitia mdomoni.

Akanipa shikamoo. Mwalimu asiyejibu shikamoo ya mwanafunzi wake hafai kuitwa mwalimu. Nikajibu marahaba, na sarafu ikateremka nusu ya koo. Akauliza kama naumwa jino. Nikatikisa kichwa. Akasema pole, akaketi, na hakuondoka kwa robo saa. Miaka mia saba ya utawala ina ladha ya msumari.

Alikuja kufanya nini? Nimeshindwa kucheka. Ameandika hotuba ya Jumamosi ya kumpendekeza baba yake, na ameniletea mimi niisahihishe. Alisema, kwa upole kabisa, kwamba hakuna mwingine katika kata anayemwamini kwa Kiswahili. Ndivyo alivyo Awadhi. Darasa la tano alikuwa akiniletea hata barua zake kwa wasichana.

Nikapata wazo. Nilisahihisha makosa yote kumi na tisa, nikaacha moja makusudi: "mashine yake kilisaga". Kilisaga! Mbele ya watu wote! Atachekwa kuanzia mstari wa pili. Nikamrudishia, akanishukuru kwa mikono miwili.

Saa sita nikashindwa kula. Saa nane nikashindwa kusali kwa utulivu. Saa tisa nikavaa kofia, nikatembea hadi mashineni kwake chini ya jua lote la Agosti, nikaomba hotuba, nikafuta "ki", nikaweka "i", nikarudi. Awadhi alisema Mwenyezi Mungu anizidishie.

Mwaija aliniuliza nilikokuwa. Nikasema matembezi ya afya.

Alhamisi, tarehe 8 Agosti. Nane Nane

Wakulima wamepumzika. Mimi nimekwenda Korogwe kutafuta shahidi.

Shahidi mwenyewe ni Valerian. Tulisoma pamoja chuo cha ualimu, tukalala vitanda viwili vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, mimi juu. Yeye alichukua historia kwa sababu, kama nilivyomwambia tangu 1975, historia haina sarufi. Tumebishana miaka hamsini. Lakini ni mwalimu mstaafu wa historia, ana miwani, na anaaminika. Neno lake mbele ya mkutano lingetosha.

Bodaboda hadi barabara kuu, basi hadi Korogwe, miguu hadi Manundu. Rosina, mke wake, alinipokea kwa chai na mihogo ya kuchemsha. Nimesafiri nusu siku kutoka kwenye mihogo kwenda kula mihogo. Nilishukuru.

Nikamwekea Valerian sarafu kiganjani, bila kusema lolote, kama inavyofanyika kwa wataalamu. Hakuvaa hata miwani. Akaigeuza mara moja, akasema: ni pesa.

Nikasema najua ni pesa. Sarafu zote ni pesa. Nilichotaka ni aina yake.

Akasema aina yake ni pesa.

Nikamweleza kwa uvumilivu kwamba "pesa" ni nomino ya jumla, kama vile "wadudu". Mtu akikuuliza ni mdudu gani, humjibu kwamba ni mdudu. Akasema sawa, hii ni pesa moja. Nikamwambia "pesa moja" ni Kiswahili cha watoto wanaotumwa sukari. Hapo Valerian akaanza kucheka. Alicheka mpaka Rosina akaja kumpiga mgongo. Kila akijaribu kusema, alisema "pesa", akaanza upya.

Mtu ana heshima yake. Nikachukua sarafu yangu, nikamuaga Rosina. Nilipofika kwenye ua, Valerian alitoka mlangoni akiwa bado anafuta machozi, akapaza sauti: "Mdoe, ngoja basi! Ngoja nikuletee ndugu zake!"

Ndugu za nani? Kiwakilishi kilikuwa kinaelea hewani. Kama alikuwa na maana ya ndugu zake Rosina, wale ni wanaume watatu wapasua mbao. Sikungoja.

Nimefika nyumbani magharibi. Mwaija ameuliza Valerian amesemaje. Nimesema hana la kuongeza.

Ijumaa, tarehe 9 Agosti

Msikitini nilikaa chini ya kalenda ya ukutani. Sikuipenda. Imeandikwa Mfunguo Tano, mwaka 1446.

Mwaija naye, wakati wa chakula, amesema jambo hilohilo bila kuulizwa: kama leo ni 1446 kwa hesabu ya Kiislamu, na sarafu imeandikwa Kiarabu, basi 1307 ni juzi tu, miaka mia na kitu, zama za bibi yake mzaa bibi. Alisema huku akinipakulia mlenda, kana kwamba anazungumzia bei ya chumvi.

Nimelitafakari kwa haki. Jibu nimelipata baada ya chakula. Malkia Sharifa alifanya biashara na wageni wa mbali, na kwa ustaarabu wake aliandika mwaka kwa hesabu ya wageni. Ni kama mtu anayeongeza chumvi kidogo kwenye mchuzi kwa sababu ya mgeni. Nimefurahi. Hoja imezidi kuwa na nguvu.

Alasiri nimeandika hotuba. Kurasa kumi na moja. Nimeeleza makao ya malkia (palipo na shamba letu), majeshi yake (ya kutosha), na tabia yake. Alipenda utaratibu na alichukia ovyoovyo. Hili halikuandikwa kwenye sarafu lakini linaonekana katika mpangilio wa majani. Kuhusu mume wake nimekaa kimya, kwa kuwa sarafu imekaa kimya.

Hitimisho linasema: shule haiwezi kuitwa jina la mwenye mashine wakati malkia alikuwa hapa kabla yake kwa karne sita. Iitwe Mdoe.

Nilimsomea Mwaija yote. Alisikiliza mpaka mwisho akichambua mchele. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama naitaka sana shule hiyo. Nikasema si mimi, ni ukoo. Akaniuliza tena. Nikamwambia ukweli: nikifa, wanafunzi wangu watakuja mazikoni, watasema "marehemu alikuwa anafundisha vizuri, vitu vyake zilikuwa safi", kisha watakwenda kula pilau, na huo ndio utakuwa mwisho wangu.

Alinipigia pasi kanzu.

Jumamosi, tarehe 10 Agosti

Naandika kwa mpangilio ili nisiruke kitu.

Mkutano ulifanyika ndani ya darasa la kwanza la shule mpya. Halina madirisha bado, matundu tu. Watu kama sitini. Mtendaji wa Kata, Joyceline, binti mwenye adabu, alinipa shikamoo na kiti cha mbele. Alitangaza kuwa kura zitakuwa za karatasi.

Awadhi alianza. Alisoma hotuba yake vizuri. "Mashine yake ilisaga." Nilijisikia vibaya na vizuri kwa pamoja.

Nikasimama mimi. Nilikuwa ukurasa wa tatu, kwenye majeshi, mlango ulipotiwa giza. Valerian! Kutoka Korogwe, jasho hadi kwenye viatu, na mkebe wa kahawa mkononi. Nikaelewa mara moja: amekuja kuniibia malkia. Alinyoosha mkono. Nikaendelea. Akanyoosha mikono miwili. Joyceline akauliza kama mgeni anaweza kupewa nafasi. Nikasema maswali mwisho. Valerian akanifanyia ishara ya kukata, shingoni, mara kadhaa. Niliona ni vitisho.

Nilimaliza. Mama mmoja wa nyuma alisema mashallah, na nadhani alikuwa na maana nzuri. Kisha Awadhi akasimama, akaomba kwa heshima zote aishike sarafu ya malkia. Mbele ya watu sitini ningesema nini? Nilimpa.

Aliipeleka kwenye tundu la dirisha. Akaigeuza kidogo kuielekeza juani. Akasoma, midomo ikicheza. Akanitazama kwa uso wa mtoto aliyeona kosa kwenye ubao wa mwalimu na haamini macho yake.

Alisema: "Mwalimu, samahani. Hapa si Sharifa. Hapa pana kaf. Ni sharaka. Shirika. Na hili la pili ni Almania. Shirika la Ujerumani."

Mtu akacheka. Kisha wengi. Kijana mmoja aliuliza ikiwa Malkia Shirika alikuja na ndege yule au kwa miguu. Mwingine akaniuliza, kwa sauti ya darasani kabisa, "Mwalimu, shirika liko katika ngeli gani?" Nami, Mungu anisamehe, nikajibu: LI-YA.

Neno hilo nimelifundisha miaka thelathini na sita. Shirika, mashirika. Nimelitungia sentensi. Nimelipigia watoto viboko. Limekuja kwangu kwa herufi nyingine, na sikulijua.

Awadhi hakucheka. Hilo niliweke kwenye kumbukumbu. Lakini hotuba yake ilikuwa haina kosa na yangu ilikuwa haina malkia.

Hapo Valerian alikuja mbele bila kupewa nafasi. Akafungua mkebe, akamimina juu ya meza sarafu saba, zote zina ndege yule, zote zina majani yale. Alisema ni za babu yake aliyetoka Songea kuja kukata mkonge. Alisema kampuni ya Wajerumani iliposhika pwani na bara ndiyo iliyozitoa, na kwamba mwaka 1307 wa Hijria ndio 1890, na kwamba sarafu hiyo jina lake halisi ni pesa; pesa sitini na nne zilifanya rupia moja. Pesa moja! Kumbe alikuwa akinijibu. Na hizo saba ndizo "ndugu zake".

Kisha akasema uongo. Alisema, "Mwalimu Mdoe alikuja kwangu Alhamisi kuniuliza kwa nia safi. Mimi nikacheka badala ya kumweleza. Mlichosikia leo ni kosa langu." Alisimama akiwa amekunja mikono nyuma, kama tulivyokuwa tukisimama chuoni tunapokamatwa. Mara ya mwisho kubeba kosa langu ilikuwa 1976, kuhusu mapapai ya mkuu wa chuo.

Nilitazama sakafu. Ni sakafu nzuri, haina nyufa.

Joyceline akataka kugawa karatasi. Ndipo Mwaija akanyoosha mkono. Mke wangu haongei mikutanoni. Alisimama, akafunga kanga vizuri, akasema sarafu ameiokota yeye kwa jembe lake, kwa hiyo naye aseme. Alisema bibi yake alimsimulia: hao Wajerumani walikuwa na shirika, lakini mizigo tulibeba sisi. Akauliza nani alichimba mchanga wa darasa hili. Nani alisomba maji. Nani alitoa mahindi ya mafundi, na mashine ya nani iliyasaga bure. Watu wakawa wanajibu: sisi, sisi, Awadhi. Akauliza nani aliandika barua zote tisa za kuombea mabati hadi yakatoka. Wakasema: Mwalimu. Akasema, "Basi lao lilikuwa jina tu. Shirika ni hili." Akaketi.

Hakuna aliyepiga makofi. Walitazamana. Mzee mmoja alisema neno hilo limemkaa vizuri mdomoni.

Kura zikahesabiwa mbele ya wote. Shirika, arobaini na sita. Muhsin, kumi na moja. Mdoe, mbili.

Mbili. Moja ilikuwa yangu. Joyceline aliziweka mezani, nami nikaiona ile nyingine. Ina "d" yenye tumbo kubwa, na mkia wa "e" umerudi nyuma. Mwandiko huo nimeuona kwenye kila orodha ya sokoni tangu mwaka 1981.

Njiani kurudi nilimkemea. Nilimwambia mtu hawezi kusimama mbele ya watu akasema hivi, kisha akapiga kura vile. Akasema kusema ni kwa ajili ya shule. Tukatembea. Mkono wake ulikuwa na mikwaruzo ya jembe, na niliushika kidogo kwa sababu njia ina mawe.

Jumapili, tarehe 11 Agosti

Valerian amelala kwetu. Amekunywa chai yetu vikombe vinne. Ameziacha sarafu zake zote saba shuleni, na Mwaija ametoa yake, ziwekwe pamoja kwenye kabati la vioo, na maelezo. Joyceline ameniomba niandike maelezo hayo. Mimi, si Valerian. Alikubali bila ubishi, jambo ambalo limeniudhi.

Nimeandika: "Pesa nane." Valerian akanitazama. Nikamwambia asiseme neno.

Awadhi alipita kusalimia. Amesema marehemu baba yake angependa jina hilo. Mashine nayo aliinunua kwa shirika na watu watatu. Nilimweleza kuwa neno sahihi pale ni "kwa ushirika". Akasema, "Ahsante, Mwalimu." Nadhani ni kijana mwema. Ana miaka hamsini na sita.

Nimemsindikiza Valerian hadi kwenye bodaboda. Nilitaka kumwambia kitu kuhusu jana. Nikamwambia kuwa alipohutubia alitumia "ambayo" mara nne bila sababu. Akasema anajua. Akacheka tena mpaka dereva akamngoja.

Jumatatu, tarehe 12 Agosti

Nimelala vizuri, nimeamka na fikra safi.

Nani ameipa shule jina? Tufikiri bila upendeleo. Bila hotuba yangu Awadhi asingesoma sarafu. Asingesoma sarafu, neno lisingetamkwa. Kwa hiyo jina nimelitoa mimi, kupitia kwa wengine.

Tena kuna hili, ambalo mkutano haukuligusa. Sarafu ya shirika ilifikaje kwenye shamba hilo? Shirika huwa na washirika. Mtu hapewi sarafu ya shirika bure. Nimehitimisha kwamba babu yangu mzaa babu alikuwa mshirika, yaani mmoja wa wakubwa wa kampuni, upande wa bara.

Nimemweleza Mwaija. Amesema shamba ni la mama yake, na kwamba babu yangu mzaa babu alibebeshwa mizigo yao hadi Korogwe, akarudi na bega limepinda. Kila mtu Mazingara anajua. Nikamwonyesha kwa utulivu kwamba aliyebeba ameshiriki, na aliyeshiriki ni mshirika. Kitenzi kimoja, mzizi mmoja. Sarufi haina huruma. Mwaija amechukua jembe, amekwenda shambani.

Saa nne nimekwenda kwa Lukasi, fundi anayechora ubao wa shule. Ameshaandika: SHULE YA SEKONDARI SHIRIKA. Nimemweleza kuwa jina hilo halijakamilika. Shirika ni la nani? Limeachwa hewani bila "la". Mtoto wa darasa la tatu angeuliza. Nimemwambia kwamba, kwa ajili ya sarufi tu, aongeze mwishoni maneno mawili madogo: "la Mdoe". Herufi ndogondogo. Rangi yoyote.

Lukasi alipima kwa kamba. Alisema, "Mwalimu, hapa hayaingii maneno mawili. Nafasi iliyobaki ni ya herufi nne, basi."

Nilihesabu herufi za Mdoe mara mbili, kwa vidole.

Kisha nikamwambia Lukasi kwamba, kwa kweli, "la" si lazima.